Fundi wa Meza Nyeupe

Madam hakupiga kelele, na hapo ndipo fundi alipoogopa. Angepiga kelele watu wangecheka, mambo yangeisha, kila mtu angerudi kwenye kazi yake. Lakini Madam alilibeba lile gauni mpaka dirishani, akalinyanyua kwenye mwanga, akaanza kulipitisha mbele ya macho polepole, kimya, kama mtu anayetafuta kitu huku anaomba asikione.

Akakiona. Kidoa tu, cha rangi ya kutu, hata kichwa cha kiberiti ni kikubwa kuliko hicho. Kilikuwa kiunoni, palepale sindano ilipolala wakati fundi amekwenda kunywa chai.

"Nani alikaa na gauni hili?" Madam akauliza.

Wa kujibu alikuwa mmoja, na kila mtu alikuwa anamtazama.

Karakana yenyewe ilikuwa na meza mbili. Meza ya rangi ni ya sare za shule, suruali, magauni ya kawaida, hapo unaweza kushona huku unatafuna karanga. Meza nyeupe ni ya maharusi. Ile ilikuwa na sheria zake. Hukai na chai, hukai na kalamu, na kabla hujagusa kitambaa unakwenda kwenye bomba la mlangoni kunawa mikono. Umejikuna pua? Kanawe. Umemsalimia mtu? Kanawe. Fundi alianza barazani nje akibadilisha zipu mbovu, akapanda meza ya rangi, akatulia miaka, mpaka Madam alipoona mshono wake wa mkono na kumwambia, "Wewe, njoo huku." Mshono wake ulikuwa mdogo, umelala, huuoni mpaka uutafute. Wateja walikuwa wanageuza pindo wanauliza, "Hii ni mashine gani?" Madam anacheka, anamwonyesha fundi kwa kidevu.

Tatizo lilikuwa viganja. Havikuwa vinaloa kama vya watu wengine jua likiwaka au wakibeba gunia. Vyake vilitoa jasho baridi, asubuhi na mchana, amekaa, feni inampuliza. Anafuta, kabla hajakunja kitambaa jasho limerudi. Sindano mpya ikikaa kwake muda kidogo inashika kutu. Kwa hiyo alikuwa na mbinu zake: chaki ya fundi anajipaka viganjani, vitambaa mfuko wa kushoto, vitambaa mfuko wa kulia, sindano anabadilisha kama mtu anayebadilisha nepi. Na aliponawa kwenye bomba, wenzake waliona ananawa kama wao, kumbe yeye alikuwa anapata kisingizio cha kujifuta.

Mpiga pasi ndiye aliyempa jina la Chemchemi. Mpiga pasi alikuwa mtu wa maneno, tumbo mbele, pasi mkononi kutwa nzima.

"Chemchemi, njoo hapa haraka!"

"Kuna nini?"

"Chupa ya kunyunyizia imeisha maji. Hebu nikung'utie mikono juu ya hii suruali."

Watu wanavunjika mbavu. Fundi naye anacheka, kwa sababu usipocheka unakuwa na matatizo mawili.

Lakini siku hiyo ya doa hata mpiga pasi alinyamaza. Madam alilaza gauni mezani, akaongea bila kumtazama fundi usoni.

"Nenda hospitali. Habari ya chaki sitaki kuisikia tena. Wiki ijayo Ijumaa naitaka shela ya yule binti anayeolewa, na shanga zake pembeni zote, kama tulivyopanga. Nikiona doa kwenye shela ile, meza hii huna."

"Sawa, Madam."

"Sijakufukuza."

"Najua, Madam."

Kila asubuhi Madam aliwapa mkono wafanyakazi wake mmoja mmoja, alikuwa hivyo, mama wa watu. Akifika kwa fundi anampungia. Haikuwa dharau. Madam alikuwa anakwenda kugusa nguo nyeupe. Fundi alilielewa hilo, lakini kila asubuhi lilimchoma vilevile.

*

Daktari alikuwa kijana, macho yamechoka, na nje foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Fundi aliingia na mkewe. Mke ndiye aliyesema, "Naingia na wewe, maana wewe ukiulizwa unaumwa nini utasema hujambo."

"Yanatoka tangu lini?" daktari akauliza.

"Tangu shule. Daftari lilikuwa linaloa, mwalimu ananichapa, ananiambia nimelimwagia maji."

"Mikono yote miwili?"

"Yote. Na nyayo."

"Ukilala?"

Fundi akatazama viganja vyake. Hajawahi kujiona akiwa amelala. Mkewe akadakia, "Akilala inakauka. Mimi namshika. Inakuwa kama mikono ya mtu mwingine."

Ilikuwa mara ya kwanza fundi kusikia habari hiyo. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama ukuta.

"Nyumbani kwenu kuna mwingine?"

"Marehemu baba. Walikuwa wanasema ana mikono ya mwongo."

Daktari akatikisa kichwa. Akachukua ile dawa ya kahawia ya vidonda, akampaka viganja vyote, akapuliza mpaka ikakauka kidogo, halafu akanyunyiza unga mweupe juu yake. "Ni wanga tu," akasema. "Palipo na jasho patajionyesha."

Pakajionyesha. Mwanzo vitone, kama mtu amemwagia pilipili manga. Kisha vitone vikashikana, vikawa bluu, vikawa vyeusi, mpaka viganja vizima vikageuka rangi ya wino, kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye kifundo. Fundi alitazama mikono yake kama mtu anayeonyeshwa picha ya mwizi aliyemwibia miaka yote.

"Umeona?" daktari akasema. "Si uwongo, si woga, si uchafu. Mishipa inayoyaambia matezi yatoe jasho haijui kunyamaza, basi. Inakwenda kwenye ukoo."

Mke akashika mdomo. Fundi alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Huyu daktari hajui, lakini katika maisha yote ya fundi yeye ndiye wa kwanza kumwambia si kosa lake.

Daktari akaeleza mengine kwa kasi, maana muuguzi alishafungua mlango mara mbili. Kuna sindano, hizo ni bei ya watu wengine. Kuna mashine ya maji na umeme, hapa haipo. Kuna upasuaji, huo asikimbilie, jasho linaweza kuhama mikononi likaenda mgongoni. Ataanza na hii chupa.

"Unapaka usiku unapolala. Mikono iwe mikavu kabisa, umenielewa? Mikavu. Asubuhi unaosha. Uvumilie, inachukua siku."

"Nashukuru sana, daktari."

"Anayefuata!"

*

Ubishi ulianzia njiani na ukamalizikia nyumbani, kwenye chumba chao cha mbele, mama mzazi wa fundi akiwa amekaa kwenye kochi anachambua mchele.

"Daktari kasema usiku," mke akasema.

"Nimesikia kasema usiku. Lakini wewe mwenyewe si umesema usiku inakauka?"

"Nimesema."

"Sasa mikono imelala, haina jasho, halafu niimwagie dawa ya jasho? Dawa itafanya kazi gani huko? Nikiamka nainawa yote, naenda kazini mikono mitupu. Jasho langu liko mchana, mama watoto. Mezani."

"Na kusema mikavu?"

"Mimi ndiye mtu wa kuambiwa mikono iwe safi? Naishi kwenye bomba."

"Kasema mikavu, hakusema misafi."

"Wewe umekuwa daktari leo?"

Mama yake akacheka peke yake, mkono kwenye ungo. "Baba yako naye alikuwa hivihivi. Dawa ya kumeza anapaka, ya kupaka anameza. Kafa anajua kila kitu."

"Mama, tafadhali."

"Mimi nimesema nini? Nachambua mchele."

Mke akaiweka chupa juu ya kabati. Alijua amesikia sawa. Lakini alijua pia mumewe analala akiiota ile shela, anaamka akiihesabia siku, na mtu wa namna hiyo ukibishana naye unamwongezea jasho. Akaacha.

*

Siku ya kwanza fundi alinawa kwenye bomba la mlangoni kama sheria inavyosema, akajikung'uta, akajipaka ile dawa, akakaa. Ikawasha. Ikawasha kama upupu. Lakini viganja vikakaza, vikawa vikavu, yaani vikavu kweli, sindano ikakaa kati ya vidole bila kuteleza. Akashona mpaka chakula cha mchana. Akatazama sindano: inang'aa.

"Chemchemi imekauka," mpiga pasi akatangaza. "Jamani, ukame umeingia."

Madam akaja akatazama zile shanga za mwanzo pembeni mwa shela, akatabasamu, akaenda zake. Fundi akanawa tena, akapaka tena. Kila aliponawa alipaka. Iliuma zaidi, akafurahi zaidi. Dawa isiyouma ni dawa gani?

Siku iliyofuata viganja vilikuwa vyekundu. Iliyofuata tena, ngozi ikaanza kupasuka kwenye mistari, halafu kutoka vipandevipande kama rangi ya ukuta uliolowa. Akavumilia. Si aliambiwa avumilie? Akajifunga vitambaa vidoleni, akamwambia mpiga pasi kwamba amejikata na mkasi. Jumanne mchana akavuta uzi, akasikia kitu kinafunguka kwenye kidole gumba. Akapeleka mkono mfukoni upesi kuliko mwizi. Kitambaa cha mfukoni kikawa na damu. Shela haikuwa na kitu. Aliigeuza, akaikagua. Haikuwa na kitu.

Akaenda kwa Madam, mikono mgongoni.

"Madam, naomba shela nikamalizie nyumbani. Hapa kelele, pasi, watu wanapita. Kule kumetulia."

"Kazi nyeupe haijawahi kutoka kwenye mlango huu."

"Najua. Lakini pale pembeni mchoro unakwenda kwa jicho, mwingine hawezi kuuendeleza."

Hilo lilikuwa kweli, na Madam alijua ni kweli. Akaenda mezani, akaikunja shela mwenyewe, akaitia kwenye mfuko. "Ukiiharibu," akasema, "mimi na wewe hatutaharibikiwa peke yetu. Yule binti anaolewa."

*

Mke aliiona mikono yake mlangoni. Hakuuliza. Alimshika kiwiko, wakarudi hospitali siku hiyohiyo, na safari hii walimkuta muuguzi, mama mtu mzima mwenye sauti ya mwalimu mkuu.

"Ulikuwa unapaka juu ya maji?"

"Nilikuwa nanawa kwanza."

"Halafu hujifuti?"

"Najikung'uta."

"Baba, ile dawa ikikutana na maji inageuka tindikali. Umekuwa unajipaka tindikali. Mara ngapi kwa siku?"

Fundi akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Uliambiwa usiku, hukuambiwa? Usiku jasho limelala, dawa inaingia kwenye vitundu inaviziba taratibu. Mchana jasho linaisukuma nje." Akampaka mafuta ya vidonda, akamfunga bandeji nyeupe, mkono huu na mkono huu. "Hakuna kugusa maji, hakuna dawa, hakuna kazi mpaka ngozi irudi."

"Mpaka lini?"

"Ngozi ndiyo itakwambia."

Njia nzima fundi alisubiri mkewe aseme nilikwambia. Hakusema. Alibeba mfuko wake, akatembea upande wa barabara, anamkinga na watu wasimgonge mikono. Bora angesema.

*

Alhamisi walitandika shuka safi juu ya kitanda, wakalaza shela juu yake. Mke akanawa, akajifuta, akajifuta tena. Mikono yake ilikuwa mikavu kama karatasi, imezaliwa hivyo, hajawahi hata siku moja kuishukuru.

Fundi alikaa kwenye kigoda, mikono ya bandeji magotini, penseli mdomoni. Hiyo penseli ndiyo ilikuwa kidole chake sasa, anaonyesha kwa kichwa.

"Hapo. Chukua shanga ndogo. Si hiyo, ndogo. Ingiza sindano chini, karibu... karibu zaidi. Usivute."

"Nimevuta?"

"Umevuta. Kitambaa kimekunjamana. Achia. Ndiyo. Sasa nyingine."

"Hivi?"

"Mbali."

"Hivi?"

"Mbali kidogo, mama watoto. Iangalie ya kushoto, iwe kama mtoto aliyemwegemea mwenzake."

"Mimi nakaanga maandazi, baba watoto. Andazi halina mwenzake."

Wakacheka, penseli ikamdondoka. Lakini kicheko kiliisha upesi. Mshono wa mke ulikuwa unapanda na kushuka. Kila shanga ilikaa, lakini ilikaa kama mgeni, wima, haijui iegemee wapi. Fundi aliona kwa macho yake mkono ufanye nini, alihisi kabisa mpaka kwenye mabega, na mkono wenyewe ulikuwa umelala gotini umefungwa kama mtoto mchanga. Kuna wakati aliunyanyua bila kujua. Mke akasema, "Hapana," kwa sauti ndogo, akaushusha kwa kiwiko chake.

Mama yake akachungulia mlangoni. "Inakwendaje?"

"Vizuri, mama," wakasema wote wawili kwa pamoja, na mama akajua haiendi vizuri. Akaondoka bila neno, na yeye kukosa neno ni ishara mbaya.

Walimaliza. Mke alikuwa hawezi kunyoosha shingo. "Iko safi," akasema. "Tazama mwenyewe. Haina doa hata moja."

"Haina," fundi akasema. "Ahsante."

*

Madam aliipeleka dirishani. Akaipitisha yote kwenye mwanga, kona hadi kona.

"Safi," akasema.

Fundi alikuwa amesimama, mikono ndani ya mifuko ya koti. Nani anavaa koti kwenye joto lile? Lakini Madam hakutazama koti. Alikuwa ameigeuza shela upande wa nyuma, anapitisha kidole gumba juu ya mafundo ya uzi, polepole, kama mtu anayesoma kwa kidole.

"Huu si mkono wako."

Fundi akatoa mikono mifukoni. Bandeji zilikuwa zimeshaloa jasho, zimegeuka kijivu.

Mpiga pasi akaweka pasi yake wima. Alitazama zile bandeji, akatazama chupa yake ya kunyunyizia maji, akaisogeza nyuma ya pasi.

"Kwa nini hukuniambia?" Madam akauliza.

"Ningekwambia, ungesubiri?"

Madam akailaza shela mezani. Alikuwa mwanamke wa kweli, hakutaka kudanganya. Akamwita binti wa meza ya rangi, yule mpya, akamwambia akanawe. Shanga za pembeni zikaanza kufumuliwa hapohapo, mbele ya fundi, moja moja, zikidondoka kwenye kisahani. Kila moja ilikuwa na sauti yake.

"Nenda kapumzike," Madam akamwambia. "Upone. Kiti chako kipo."

*

Ngozi ilirudi taratibu, ya waridi kwanza, nyembamba kama ya kitunguu. Ilipokomaa, muuguzi akasema haya, anza upya, kwa adabu. Safari hii mke ndiye aliyeshika chupa. Kila walipokwenda kulala alimfuta kidole kimoja kimoja kwa taulo kavu, akampepea kwa kipande cha boksi, akasubiri, akamshika kumhakikisha, akasubiri tena. Ndipo anapaka. Fundi anakaa kama mtoto anayekatwa kucha. Hakubisha hata neno moja.

Na ikafanya kazi. Haikuwa muujiza, lakini ilifanya kazi. Siku moja alichukua gazeti la kufungia maandazi na halikushikamana na vidole vyake. Akampapasa mtoto kichwani, mtoto hakusema "baba, maji." Akachukua sindano, akakaa nayo asubuhi nzima bila kushona chochote, akaitazama tu. Ikabaki inang'aa.

Mke akampigia shati pasi. Mama yake akasema, "Nenda kabla hujaanza kufikiri."

Karakanani alikuta binti yule mpya kwenye meza nyeupe, amekaa kwenye kiti chenye mto wa zamani wa fundi, wa vipande vya vitambaa, aliojishonea fundi mwenyewe. Kidoleni amevaa subana ya fundi, ya chuma, ya kusukumia sindano. Binti alimwona, akaanza kuivua haraka. Fundi akampungia: acha, acha.

Madam akatoka ofisini. Akamtazama usoni, halafu mikononi. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya miaka yote ile. Akamnyooshea mkono.

Fundi akampa wake. Madam akaushika, akaugeuza, akaupapasa kwa kidole gumba kama alivyopapasa ile shela.

"Mkavu," akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Mungu ni mkubwa."

"Ndiyo, Madam."

Lakini hakumwachia. Aliendelea kumshika, na fundi akaona macho yake yanakwenda kwenye meza nyeupe, yanarudi, yanakwenda tena.

"Huyu binti wateja wamemzoea," Madam akasema taratibu. "Mshono wake haujafika wako. Haujafika. Lakini silali nikiwaza doa. Umenielewa?"

"Hata barazani, Madam. Zipu."

"Barazani nimemweka mdogo wake. Nilidhani hutarudi tena. Ningejua..." Akaminya kiganja chake. "Nisamehe, fundi."

Pale pale, chini ya kidole gumba cha Madam, fundi alisikia ubaridi anaoujua tangu shule. Tone. Dawa inapunguza, muuguzi alishamwambia, haiondoi, hasa moyo ukishtuka. Bado Madam hajahisi. Baada ya dakika atahisi, atavuta mkono wake kwa upole, ataufuta kwenye gauni akidhani haonekani. Fundi akauvuta wake kwanza.

"Haina neno, Madam," akasema, akauingiza mfukoni. "Kazi njema."

Mpiga pasi alimfuata mpaka mlangoni. "Fundi," akasema tu. Si Chemchemi.

*

Mkewe alikuwa anamsubiri mlangoni, unga mikononi.

"Amesemaje?"

"Amenishika mkono."

Uso wa mke ukafunguka. "Amekushika? Madam?"

"Amenishika muda mrefu."

"Halafu?"

Fundi akavua viatu. Akaviweka vizuri ukutani, kimoja karibu na kingine.

"Halafu?" mke akauliza tena, lakini safari hii chini, maana alishaona.

Maandazi yalikaangwa, yakauzwa, mtoto akala, mama mzazi akaenda kulala bila kutania mtu. Kisha mke akachukua taulo na chupa juu ya kabati, akakaa kitandani, akapiga shuka kwa kiganja: njoo.

"Ya nini sasa?" fundi akasema. "Nakwenda kugusa nini?"

Mke alichukua mkono wa kulia wa mumewe, ulikuwa umeloa chapachapa, akaanza na kidole kidogo, akafuta, akafika cha pete, akafuta. Alipofika kwenye gumba, kidole kidogo kilikuwa kimeshaloa tena. Akarudi akaanza upya.